Dondoo ya Leo: Wanacheka Msibani

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, simu yangu hulia mlio mmoja mfupi, nami hujua binamu yangu wa Dar es Salaam ametuma dondoo kwenye kundi la ukoo. Huanza vilevile siku zote, kwa herufi kubwa: JE, WAJUA? Je, wajua neno fulani limetoka Kiajemi? Je, wajua mji fulani zamani uliitwa jina jingine? Watu huweka vidole gumba, siku inaendelea, jioni hakuna anayekumbuka. Sikuwa na ugomvi na mlio ule mpaka juzi, nilipofungua nikasoma kwamba kusini mwa Tanzania wapo watu ambao mwenzao akifa hucheka na kufanya vituko badala ya kulia. Chini yake binamu, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyekulia Naipingo kama mimi, alikuwa ameweka vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Chai ilichemka jikoni ikamwagika, sikuinuka. Dondoo ile naijua. Niliisoma mimi, kwa sauti yangu, mbele ya shule nzima, nikiwa darasa la tano. Nivumilieni niwasimulie, na nikipandisha sauti mnisamehe, maana hasira hii nimeilea miaka mingi nayo imenenepa.

Shule yetu ilikuwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani, kupitia mikorosho ya watu na shamba moja la mbaazi ambalo mwenyewe alikuwa mkali kuliko mbwa wake. Mwaka ule tulipata mwalimu mpya, Mwalimu Athumani, kijana mwenye shati la mikono mirefu na kola iliyopigwa pasi ya mkaa hadi inang'aa. Yeye ndiye aliyetuletea Dondoo ya Leo. Asubuhi mstarini, baada ya wimbo wa taifa na kukaguliwa kucha, mwanafunzi mmoja aliitwa mbele akasoma kikaratasi ambacho mwalimu alikiandika usiku. Kilikuwa na jambo moja la lugha, au historia, au mila za watu, basi. Hakuna maswali, tunaingia darasani.

Tulizipenda dondoo zile, siwadanganyi. Siku tuliyosikia kwamba "shule" ni neno la Wajerumani na "meza" ni la Wareno, tulirudi nyumbani tukitukanana kwa Kireno njia nzima. Nilipomweleza bibi, mama yake mama, alikuwa ameketi uani anapeta mtama. Akasema, "Basi wamrudishie Mreno meza yake, mimi nakula nkekani." Siku nyingine tukaambiwa kwamba zamani wazungu walikuja Nachingwea kulima karanga kwa matrekta, wakaleta na reli, karanga zikagoma na reli ikang'olewa. Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inia mtini juu ya vichwa vyetu, nacho kilikuwa kipande cha reli ileile. Mwalimu hakutuambia tuinue macho. Mimi nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima, nikaudhika siku nzima.

Sasa niwaeleze kuhusu Binti Ausi, maana bila yeye hamtanielewa. Alikuwa mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa bibi walitaniana tangu enzi ambazo hata bibi alizikuta. Aliishi Likunja, upande wa Ruangwa, na akija kwetu hakupiga hodi. Aliingia moja kwa moja jikoni, akafunua chungu, akala mbaazi za watu kwa mkono, huku akilalamika kwamba hazina chumvi na kwamba ukoo wetu haujawahi kujua kupika. Bibi alimwita mwizi. Yeye alimwita bibi kikongwe aliyesahauliwa na Izraili. Kisha walikaa mkekani, wakafungua pindo la kanga lenye ugoro, wakanusa na kupiga chafya pamoja, machozi yakiwatoka kwa kucheka. Mimi nilikuwa nalala katikati yao na kusikia harufu ile kali ya tumbaku mpaka usingizi unanichukua.

Bibi alifariki msimu wa kuvuna ufuta. Aliugua kidogo, akasema amechoka, akageukia ukutani. Nililia mpaka sauti ikakauka, maana bibi ndiye aliyenilea. Mama alikuwa shambani siku zote, lakini bibi alikuwepo, na harufu yake ilikuwepo, na makelele yake ya kuwagombeza kuku kama watu wazima waliokosa adabu yalikuwepo. Nilitaka jambo moja tu siku ile: bibi yangu aagwe kwa heshima. Nilikuwa mdogo, sikuwa na neno la kulisema, lakini ndilo lililokuwa kifuani.

Binti Ausi akafika kwa bodaboda, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alishuka, akashika kiuno, akapaza sauti: "Yuko wapi huyo mvivu? Naambiwa amelala mpaka saa hizi!"

Wanawake waliokuwa wakilia wakacheka palepale, kamasi bado zinawatiririka. Mimi nikahisi kama nimemwagiwa maji. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga ya bibi, ile ya rangi ya hudhurungi iliyochakaa pindoni, na amevaa ndala za bibi. Akatembea. Mungu wangu, alitembea kama bibi! Lile goti la kushoto lililokuwa likikataa kukunjwa, ule mkono wa mgongoni, ule mguno wa kila hatua ya tatu au ya nne. Akamfuata jogoo uani, akamnyooshea kidole: "Weye! Baba yako alikuwa na adabu, weye umefuata nani?" Watu walianguka kwa kicheko. Akakaa akadai mbaazi, akaonja, akatema, akasema hazina chumvi. Hapo alimwigiza bibi akimwigiza yeye.

Nilipandwa na kitu ambacho sijawahi kukisahau. Nilimrukia, nikaikamata kanga, nikavuta. "Vua! Vua nguo ya bibi yangu!"

Binti Ausi alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi hasa, na mtetemo wake: "Ntoto huyu! Ngongoni nimembeba, uji nimempa, leo ananivua nguo mbele za watu!"

Wakacheka tena, wengine wakapiga makofi. Mama akanivuta pembeni. Hakunipiga, aliniambia tu kwa sauti ya chini kwamba mtani hakasirikiwi, na ukimkasirikia unatozwa. Nikatozwa. Kuku wangu wa madoadoa, niliyemfuga mwenyewe tangu kifaranga, alifungwa miguu akawekwa kando ya mkoba wa Binti Ausi. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote.

Jeneza lilipotolewa, Binti Ausi alikaa chini katikati ya njia, miguu ameinyoosha, akawazuia wanaume. "Haondoki huyu," alisema. "Hajaniaga." Mjomba wangu akambembeleza. Akasema tena, "Hajaniaga huyu, nimetoka Likunja yote hii." Wanaume walisimama na jeneza mabegani, jua la saa saba linawachoma, hakuna aliyemfokea. Mwishowe mjomba alimkabidhi ugoro wa bibi uliobaki, ule uliofungwa kwenye kitambaa. Akaupokea, akaunusa, hakupiga chafya, akasogea pembeni. Mimi niliona kituko kingine tu.

Walimu walikuja kutoa rambirambi siku ile, na Mwalimu Athumani alikuwa miongoni mwao. Alikaa kwenye benchi na kola yake, akitazama yote. Huyu hakuwa mgeni kutoka mbali, mjue hilo. Alikuwa mtu wa Masasi, watu walewale, na bibi yake mwenyewe bila shaka alizikwa na watani wakimwigiza kikohozi chake. Ningemwelewa mtu aliyetoka mbali asiyejua anachokitazama. Yeye alijua, akaamua kutojua.

Niliporudi shuleni baada ya matanga, aliniita mbele. Nilikuwa msomaji mzuri, na nadhani alijiona ananipa heshima. Akanipa kikaratasi. Nikasoma kwa sauti kubwa: Je, wajua? Baadhi ya makabila ya kusini hadi leo hucheka na kufanya vituko msibani. Hii ni kwa sababu elimu haijawafikia vizuri.

Shule ililipuka kwa kicheko. Nami nitawaambia nilivyojisikia: nilifurahi. Nilidhani hatimaye mtu mzima, tena mwenye chaki, amekuwa upande wangu dhidi ya Binti Ausi. Nyuma kabisa, mstari wa darasa la sita, alisimama Hamisi, mjukuu wa Binti Ausi, aliyekaa kwa shangazi yake kijijini kwetu ili asome. Watoto walimgeukia, wakamwonyesha vidole, wakaanza kumwiga mtu anayechechemea. Alikuwa mvulana mpole, mrefu, na nilimwona akiangalia vidole vyake vya miguu mpaka kipande cha reli kilipogongwa.

Najua kumbukumbu za namna hii hupendwa ziishie kwa msimuliaji kujilaumu. Mimi sijilaumu. Nilikuwa mtoto mwenye msiba, na aliyenipa karatasi alikuwa mtu mzima. Mwenye kosa ni yeye, na kosa lake halikuwa kusema uongo. Tulicheka kweli. Kosa lake ni kwamba alikata jambo lile kama mtu anayekata kipande cha kitambaa katikati ya kanga, akatuonyesha kipande, akatuambia hii ndiyo kanga.

Juma lililofuata dondoo ikawa juu ya wafugaji, kwamba wao hununua wanawake kwa ng'ombe. Kwenye darasa letu alikuwepo Kabula, ambaye familia yake ilikuwa imehamia na mifugo kutoka Kanda ya Ziwa, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatafuta njia. Siku ile wakati wa mapumziko hakula kiazi chake. Sisi tuliomcheka ndio walewale tuliochekwa juma lililopita, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo.

Kwenye arobaini ya bibi, Binti Ausi alikuja tena. Alipiga hodi. Alisubiri akaribishwe. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, akakaa kwenye mkeka wa wageni, akala pilau kwa adabu, akasema ni tamu. Nilimwona mama akishtuka. Mtani akikuamkia kwa adabu ujue mmeshakosana. Mama akamfuata, akachuchumaa mbele yake, akamuuliza, "Binti Ausi, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mwanangu," alisema. "Hamisi kaja kaniambia. Imesomwa shuleni kwamba hatuna elimu. Basi leo nimekuja na elimu yangu."

Kesho yake asubuhi mama alikwenda shuleni na kanga ya msiba. Sijui yote waliyoyasema, ila nilikuwa dirishani, na nilimsikia Mwalimu Athumani akicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemvumilia mjinga. "Mama, ni dondoo tu. Maarifa ya jumla. Si jambo la kukasirikia."

Dondoo tu! Nimelisikia neno lile kichwani mara ngapi! Tangu nimekua nimekutana na watu wengi wenye kola iliyonyooka wanaosema "tu" namna ile. Mila tu. Lugha za nyumbani tu. Bibi tu. Mama alirudi nyumbani, akaanza kutwanga mihogo mikavu, na alitwanga kwa nguvu mpaka unga ukawa laini kama poda, akaendelea kutwanga.

Siwezi kusema karatasi ile moja ndiyo iliyoua utani wetu. Palikuwa na mengine. Vijana walikwenda mjini wakarudi na aibu za mjini, na walioajiriwa walitaka misiba yenye mahema na spika, mtu asije akawavunjia heshima mbele ya wakubwa wa ofisini. Lakini mimi nilimwona Hamisi mstarini. Nilikuwepo aibu ilipomwingia, najua iliingilia wapi. Binti Ausi aliendelea kuja kwetu mara mojamoja, akizeeka, akipiga hodi. Chungu hakukifunua tena.

Nilielewa nikiwa chuoni, siku moja bila sababu, nikiwa nafua nguo. Nilijaribu kukumbuka sauti ya bibi, na sauti iliyonijia ilikuwa ya Binti Ausi akisema "ngongoni nimembeba." Nilisimama na sabuni mkononi. Goti lile, mguno ule, ugomvi na jogoo, vyote nilivyonavyo vya bibi nimevipokea kutoka kwake, siku ile, uani. Watu wote tulipewa ruhusa ya kulia isipokuwa yeye. Rafiki yake wa kunusa naye ugoro miaka yote alikuwa amelala kwenye sanda, na kazi aliyopewa ilikuwa kutolia, kumvaa marehemu, kumtembeza mara ya mwisho ili tumwone vizuri kabla hajaondoka. Aliposema "hajaniaga" hakuwa akichekesha mtu. Wanaume wenye jeneza walilijua hilo, ndiyo maana walisimama juani bila kunung'unika. Mimi ndiye nilikuwa sijui, na shule yangu ilihakikisha naendelea kutojua.

Mwaka jana Binti Ausi alifariki. Ilikuwa msimu wa korosho, njia nzima ya kwenda Likunja inanuka mabibo yaliyooza. Nilikwenda na mama, ambaye sasa ndiye mwanamke mkubwa wa ukoo wetu. Zamu ilikuwa yetu. Kwa utaratibu wetu, mama ndiye aliyepaswa kuingia bila hodi, kumvaa Binti Ausi, kufunua vyungu vya watu na kulalamikia chumvi.

Hamisi alitupokea getini. Ni afisa sasa, mahali fulani wilayani, na bado mpole. Alitushika mikono yote miwili, akatuambia kwa upole kwamba wameamua msiba uwe wa kistaarabu, kwamba wapo wageni kutoka kazini, na kwamba anajua tutaelewa. Sikuona ubaya usoni mwake. Niliona kijana wa darasa la sita anayeangalia vidole vyake vya miguu, na hasira yangu ikakosa pa kukaa, ikarudi kifuani kwangu.

Lakini mama hakukubali. Alipita kando yake, akaingia chumbani, akatoka amejifunga kanga ya Binti Ausi. Wazee wachache wakainua vichwa. Mama alisimama mlangoni, akashika kiuno, akafungua mdomo. Nikasubiri. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Nikamwona anatafuta ile sauti, ule mwendo, yale matusi matamu, na havikuwepo, kwa sababu Binti Ausi alikuwa ametujia kwa hodi na kwa adabu miaka yote ile, na mtu mwenye adabu hana cha kuigizwa. Nami sikuweza kumsaidia. Nilichojifunza utotoni kilikuwa dondoo.

Mama akaanza kulia. Alilia kwa sauti, amejifunga kanga ya mtani wake, na wageni wa kazini wakainamisha vichwa kwa heshima. Jeneza likatolewa. Hakuna aliyekaa njiani. Likapita harakaharaka, likaondoka.

Jioni, tulipokuwa tunaaga, Hamisi alitufuata mpaka barabarani. Alikuwa amechoka, macho yamevimba. "Mama, nashukuru sana," alisema. "Nimeona jinsi mlivyomlilia bibi. Mmempa heshima kubwa."

Mama alimgeukia.

"Hamisi, mwanangu," alimwambia, "mtani halii. Leo tumemtupa bibi yako."

Hamisi akacheka, akidhani anataniwa.